Vaja la kirtani: safu mbili zinatosha, na ya kukagua kabla hujalipa

Hukumu tuitangulize. Anayetafuta hamoniamu ya kirtani, yaani uimbaji wa nyimbo takatifu za Wasikh, achukue yenye vibonye 42, safu mbili za ndimi za shaba, mvukuto wa mikunjo mingi, na isiyo na skeli ya kuhama. Safu ya tatu, kapla na msururu wa vifundo vinavyong'aa vina watu wake, lakini kwa kazi hii vinalipiwa mara mbili: kwa fedha na kwa pumzi ya mvukuto.

Wapunjabi huiita vaja, na hapa tutaiita hivyo. Ni kinanda kifupi cha kupigwa mtu akiwa amekaa chini na kukunja miguu: mkono mmoja uko kwenye vibonye, wa pili unasukuma mvukuto ulio nyuma. Asili yake ni Ulaya. Alexandre Debain alipata hataza ya hamoniamu huko Paris mwaka 1842, ile kubwa ya kukanyagwa kwa miguu, na mafundi wa Kolkata ndio walioifupisha ikawa ya mkono kabla karne ya 19 haijaisha. Wapenzi wa taarabu ya Mombasa wanaijua sauti yake. Na msafiri aliyewahi kusimama kwa Makalasinga pale Makindu, barabara ya Nairobi kwenda Mombasa, akala na kupumzika bila kudaiwa hata senti, huenda aliisikia ikilia upande wa ukumbi wa ibada.

Tuanze na kazi yenyewe, maana vaja zuri la nyimbo za sinema si lazima liwe zuri la kirtani. Guru Granth Sahib, kitabu kitakatifu cha Wasikh, ina kurasa 1430, na sehemu yake kubwa imepangwa kwa raga, yaani mitindo ya noti na mwendo wa sauti, 31 kwa jumla. Juu ya kila shabad, yaani wimbo mtakatifu, pameandikwa raga yake, na ndani yake kwa kawaida kuna mstari wa rahao ambao ndio kiitikio. Kundi la kawaida, jatha, ni watu watatu: waimbaji wawili kila mmoja na vaja lake, na mpiga tabla, zile ngoma mbili ndogo za mkono. Kiongozi anatoa rahao, mwenzake anaipokea, kisha sangat, yaani waumini waliokaa, wanaitikia. Asa di Var, utungo mrefu ambao huimbwa alfajiri, ina pauri 24, yaani beti kuu, pamoja na shalok zake, beti fupi za kuzitangulia, na juu yake huongezwa beti nyingine ziitwazo chhant. Ikiimbwa yote inapita saa mbili. Kwa hiyo swali la kwanza dukani si kama sauti inapendeza kwa dakika tatu. Swali ni mkono wa mvukuto utakuwa na hali gani baada ya saa mbili.

Hapo ndipo safu ya tatu inapoanza kuumbuka. Kila safu ni ubao wenye ndimi za shaba, ulimi mmoja kwa kila kibonye. Vaja la safu mbili huwa na safu ya besi na safu ya kati iliyo oktavu moja juu yake. La safu tatu mara nyingi linaongeza safu nyembamba ya juu kabisa. Ukibonyeza kibonye kimoja safu zote zikiwa wazi, ndimi tatu zinakula upepo badala ya mbili, na ukifungua kapla, inayobonyeza pia kibonye cha oktavu ya jirani, ndimi zinakuwa sita kwa kidole kimoja. Mvukuto unakwisha upesi, mpigaji anaanza kusukuma kwa vishindo, na sauti inapanda na kushuka juu ya maneno ya shabad. Isitoshe, safu ya juu inakaa katika eneo lilelile zinamosikika konsonanti za muimbaji. Kwenye ukumbi wenye spika, maneno yanapotea. Kirtani isiyosikika maneno ni kelele tu, hata raga ikiwa sahihi kiasi gani.

Kapla tunaivumilia. Ina faida mtu anapoongoza peke yake bila mwenzake, hasa kwenye rahao ambapo sangat nzima inaimba na vaja linahitaji kifua. Lakini ni fito nyembamba nyingi zilizopangwa chini ya vibonye, na fito moja ikipinda, kibonye kimoja kinavuta jirani asiyehusika. Ukilinunua lenye kapla, pima kibonye kimoja kimoja kapla ikiwa wazi, usiridhike na kupiga skeli moja katikati.

Skeli ya kuhama ni jambo jingine. Mbao zote za vibonye zinateleza kushoto au kulia juu ya ndimi, ili mpigaji abaki na vidole vilevile huku Sa, noti ya msingi kati ya saba za raga (Sa Re Ga Ma Pa Dha Ni), ikihama kutoka, tuseme, C kwenda D. Kwa mwalimu mwenye wanafunzi wa sauti mbalimbali inafaa. Kwa ragi, yaani muimbaji wa kirtani, anayesafiri haifai: sanduku linakuwa kubwa na zito zaidi, nafasi kati ya vibonye na ngozi za chini inalegea kwa mitikisiko, na upepo unavuja mahali ambapo fundi wa kawaida hawezi kuziba. Ragi anayejua kazi yake anapaswa kuweza kuimba kutoka kali ek, kibonye cheusi cha kwanza yaani C#, na pia kutoka vibonye viwili vitatu vya jirani. Hilo ni zoezi la miezi michache ambalo halihitaji mashine.

Vibonye 42 ni oktavu tatu na nusu. Yapo mavaja ya vibonye 39, na ya 37 ambayo ni madogo zaidi. Tofauti inaonekana pale wanaume wanapoimba kutoka C# na wanawake kutoka F# mpaka A#. Kwa vibonye 37, kundi la wanawake likianzia A# na kwenda kwenye oktavu ya juu linakaribia ukingo. Kwa 42 halibanwi. Mtoto anayeanza atatosheka na 37, mradi ndimi ni nzuri.

Sasa ukaguzi. Fanya kwa utaratibu huu, na usikubali muuzaji akupigie yeye, kwa sababu mpigaji mzoefu huficha kasoro bila hata kukusudia.

Funga vifundo vyote vya mbele, vile vya kuvuta vinavyofungulia safu upepo. Jaza mvukuto, uachie, kisha nyamaza usikilize. Mvukuto wa ndani, ule usioonekana, unasukumwa na springi, na upepo ukibaki humo zaidi ya nusu dakika bila mlio wa kufoka, hapo ni salama. Sasa fungua vifundo vikuu bila kugusa kibonye chochote, ujaze tena. Kama mara ya kwanza upepo ulikaa na sasa unatoroka, mvujo uko kwenye ngozi zinazoziba matundu chini ya vibonye. Kama ulitoroka tangu mwanzo, ni mvukuto wenyewe, viungo vya sanduku au milango ya vifundo. Ngozi ni matengenezo madogo. Mvukuto uliopasuka kwenye pembe za mikunjo ni kazi kubwa, na sanduku lililoachana kwenye gundi usiliguse kabisa.

Kisha acha safu moja tu wazi, upige vibonye vyote 42 kimoja kimoja kwa upepo mdogo sana. Rudia kwa safu ya pili. Ulimi unaochelewa kulia kwa upepo mdogo umeinuka mno kutoka kwenye fremu yake: utalia vizuri ukisukuma kwa nguvu, lakini utakuangusha kwenye mwanzo mpole wa shabad, mahali penye kusikika zaidi. Kinyume chake ni ulimi uliolala mno, ambao unalia kwa upepo mdogo na kukabwa ghafla ukiongeza nguvu. Vyote viwili hurekebishwa kwa kuukunja ulimi kidogo sana, lakini vikizidi vitatu au vinne kwenye vaja jipya, aliyelitengeneza alikuwa na haraka.

Baada ya hapo washa programu ya kutyuni kwenye simu. A ya katikati iwe 440, yaani mitetemo 440 kwa sekunde. Mavaja ya zamani na hata mengine mapya hutyuniwa 442, jambo ambalo si kosa mpaka yakutane mawili kwenye jukwaa moja: 440 na 442 zikilia pamoja kwenye A zinatoa mawimbi mawili kila sekunde, na yanasikika mpaka nyuma ya ukumbi. Jatha inunue mavaja yote mawili kwa kipimo kimoja. Ukishamaliza A, kagua C# na G#, ambazo kwa waimbaji wengi wa kiume ndizo Sa na Pa, na noti hizo zisipishane na programu zaidi ya senti 5 (senti 100 ni hatua moja kutoka kibonye hadi kinachofuata). Kisha fungua safu zote mbili na ubonyeze kibonye kimoja kwa sekunde kumi. Sauti ikiyumbayumba, besi na ya kati hazijapatana.

Malizia kwa kufungua kifuniko cha juu. Springi za vibonye ziwe za shaba au za chuma kisicho na kutu, zilingane urefu. Vibonye viwe sawa kama meza, visigusane ubavuni. Mbao ziwe kavu. Mtiki wa zamani ndio bora kwa sababu haupindi upesi, na ubao mwepesi wa msonobari uliopakwa rangi ya kahawia ili ufanane na mtiki utautambua ukilinyanyua vaja, maana ni jepesi kupita kiasi. Ndimi zilizotengenezwa kwa mkono Palitana, Gujarat, India, zina jina zuri na zinastahili, ila usiamini mhuri peke yake. Sikiliza.

Vile vifundo vya mvumo, ambavyo hutoa noti moja mfululizo bila kubonyezwa, huwa vitano kwenye mavaja mengi na kwa kawaida ni noti za vibonye vyeusi. Mtu anayeimba kutoka C# atavitumia viwili, C# na G#. Anayeimba kutoka C au D hana lake hapo. Tanpura ya simu, yaani programu inayoiga ala ya nyuzi ya kutoa mvumo, inafanya kazi hiyo vizuri zaidi bila kula upepo. Kifundo cha kutetemesha sauti kiacheni kwa wapiga qawwali, nyimbo za Kisufi, na wa filamu.

Kwenye jukwaa, vaja ndilo linalotangulia katika kutyuni, kwa sababu halibadiliki papo hapo. Lipe tabla Sa, mpiga tabla agonge pembe za ngozi kwa nyundo mpaka dayan, ngoma ya mkono wa kulia, ipatane nayo, kisha tanpura ya simu iwekwe kwenye 440 au 442 ileile. Kwa C# dayan ya takriban inchi tano na nusu inapata nafasi yake bila kuvutwa kupita kiasi. Maikrofoni ya vaja isiwekwe juu ya vibonye. Iwekwe pembeni, umbali wa mkono hivi, upande sauti inapotokea. Mavaja ya bei ya chini yana mlio wa mbao kila kidole kinapotua, na maikrofoni iliyo karibu inaugeuza kuwa tabla ya pili isiyofuata tala, yaani mzunguko wa mapigo.

Tumelisifu vya kutosha, sasa upande wake mbaya, nao si mdogo. Vaja haliwezi kuteleza kutoka noti moja kwenda nyingine. Linaruka. Raga kama Asa inalistahimili: kupanda ni Sa Re Ma Pa Dha Sa, Ga na Ni zinarukwa, na mwendo wake una hatua zilizo wazi. Lakini Kanara inataka Ga ya chini itikisike polepole, na Todi inataka Re na Ga zikae chini kuliko vibonye vinavyoruhusu. Hata Ga ya kawaida kwenye vaja iko juu ya Ga halisi ya sikio kwa senti 14 hivi, kwa sababu noti 12 zimegawanywa sawasawa kama za piano. Baadhi ya mafundi hutyuni Ga hiyo ishuke ipatane na Sa fulani, na kwa Sa hiyo vaja linakuwa tamu sana. Ukihamia Sa nyingine linachacha. Mwenye skeli ya kuhama ndiyo kabisa asijaribu.

Hatari kubwa zaidi iko kwa mwanafunzi. Anayejifunza raga kwa vaja tu huanza kuimba kama vaja: noti zilizonyooka, hakuna mteremko, hakuna mzunguko wa sauti. Ndiyo maana walimu wazuri huwafundisha kwa tanpura na sauti kwanza, vaja linaingia baadaye. Mzozo huu ulifika juu kabisa. Mei 2022 Akal Takht, mamlaka ya juu ya Wasikh iliyoko Amritsar, iliiagiza Kamati ya Shiromani Gurdwara Parbandhak, inayosimamia mahekalu ya Wasikh, iiondoe hamoniamu hatua kwa hatua katika kirtani ya Harmandir Sahib, yaani Hekalu la Dhahabu, ndani ya miaka 3, ili ala za nyuzi za enzi za Maguru, walimu walioiasisi dini hiyo, zirudi mahali pake. Wapo maragi walioshangilia na wapo waliosema chombo kilichobeba kirtani kwa zaidi ya karne hakifukuzwi kwa barua. Maoni yetu yako katikati, ila yanaelemea kwenye nyuzi.

Bhai Mardana alimsindikiza Guru Nanak, Guru wa kwanza wa Wasikh, kwa rababu, na zikafuata saranda, taus na dilruba. Kati ya hizo, anayetoka kwenye vaja aanze na dilruba. Ina shingo ndefu yenye vizingiti vya chuma, kasha lililofunikwa ngozi ya mbuzi, nyuzi kuu tatu au nne zinazopigwa kwa upinde, na chini yake nyuzi nyingi za kuitikia ambazo hazipigwi kabisa. Vizingiti vinamwonyesha mgeni noti ilipo, na uzi unamruhusu ateleze. Taus ni dada yake mkubwa mwenye umbo la tausi, sauti nzito nzuri mno, na mwili ambao hauingii kwenye buti la gari dogo bila mabishano.

Dilruba nayo ina madai yake. Nyuzi za kuitikia zinatyuniwa upya kila raga inapobadilika, na hiyo ni robo saa kwa mtu mwenye mazoea. Upinde bila ulimbo haulii, ukizidi unakwaruza. Ngozi ya mbuzi inalegea wakati wa masika, daraja linazama na nyuzi zinagusa vizingiti. Anayeishi Dar es Salaam au Mombasa ajiandae kwa hilo kila mwaka. Kwa hiyo jatha tunayoipendekeza ni ya vaja moja, dilruba moja na tabla. Vaja linaishika sangat kwenye rahao, dilruba inamfuata muimbaji kwenye mistari inayobaki. Mpigaji wa vaja ajifunze kunyamaza muimbaji anapoteleza, maana akiendelea kubonyeza anaikata raga vipande.

Turudi kwenye vaja na maradhi yake, hasa kwa walio pwani. Unyevu ndio adui wa kwanza. Mbao zinavimba, vibonye vinasuguana ubavuni na kubaki chini. Dawa ni msasa laini kwenye ubavu wa kibonye, mpapaso mmoja au miwili, lakini fanya hivyo baada ya kulikausha vaja chumbani siku kadhaa, la sivyo kiangazi kikifika litabaki na mianya. Weka vipakiti vya kukausha unyevu ndani ya sanduku lake, usilifungue mbele ya feni wala kiyoyozi. Mende na panya wanapenda gundi na ngozi za ndani, kwa hiyo lisikae jikoni kwenye langar, yaani mlo wa bure wa hekaluni, hata kwa usiku mmoja.

Kibonye kinacholia bila kuguswa, mara nyingi springi yake imechomoka au takataka imekaa chini ya ngozi. Toa skrubu za kifuniko, inua kibonye, futa kwa brashi kavu, rudisha springi kwenye tundu lake. Ulimi uliokufa ghafla una vumbi kati yake na fremu: pitisha karatasi nyembamba taratibu kuelekea ncha, usichokoe kwa sindano. Mafuta yasikaribie ndimi kamwe. Na kutyuni nyumbani tusikushauri, ila ujue fundi anachofanya ili asikudanganye: akikwangua ncha ya ulimi noti inapanda, akikwangua karibu na shina inashuka, na shaba ikishaondoka hairudi. Fundi anayeuliza kwanza kama unataka 440 au 442 anaijua kazi. Asiyeuliza, chukua vaja lako.

Kulisafirisha kwa ndege, jaza nafasi kati ya kifuniko na vibonye kwa kitambaa kilichokunjwa ili springi zisichomoke, funga mvukuto kwa vibanio vyake, na ukifika usilipige papo hapo. Liache ndani ya sanduku saa kadhaa lipate joto la chumba, kwa sababu lililotoka kwenye baridi ya buti la ndege likifunguliwa kwenye joto la pwani linatoa jasho juu ya ndimi.

La mtumba? Tunalipendekeza kuliko jipya la bei ya chini, kwa sharti moja. Likiwa na ngozi zilizochakaa, springi zilizolegea na ndimi tatu nne zilizopotoka, nunua na ulipeleke kwa fundi. Ubao unaobeba ndimi ukiwa na ufa, hata mwembamba wa kupitisha wembe, mrudishie mwenyewe.